Fundi Ambindwile hataki gitaa liguswe kabla yake

Jumapili, saa tatu asubuhi. Mvua imekatika sasa hivi hapa Lupepo, wilayani Rungwe, na watu wamejaa mbele ya kanisa kwa uzinduzi wa nyimbo mpya za kwaya. Fundi mitambo anavua viatu. Anavua na soksi, anakanyaga nyasi mbichi.

"Wanaonijua wanacheka, wanasema fundi anajiandaa kubatizwa," anasema Ambindwile Mwasandube (47). "Wacheke tu. Mimi naogopa, ndugu mwandishi. Naogopa sana."

Kazi yenyewe ukiitazama ni ndogo: kuunganisha amplifaya ya gitaa la umeme na mikisa, ile meza ya vitufe inayokusanya sauti zote na kuzipeleka kwenye spika kubwa. Anashusha vitufe vyote. Anachomeka kebo kwenye tundu la kutolea sauti nyuma ya amplifaya, si lile la spika, maana hilo lingeunguza mikisa. Upande wa pili anauingiza kwenye mikisa, kisha anapandisha sauti taratibu.

Mmmmmmm. Spika zinavuma uwanja mzima, na Ambindwile anabadilika uso.

Mvumo huohuo aliusikia miaka sita iliyopita, kwenye harusi kule Masoko. Mpiga gitaa alikuwa Yohane Mwakalobo, rafiki yake tangu utoto. Wageni walipolalamika, Ambindwile alifanya walivyokuwa wakifanya mafundi wenzake wengi. Alifungua plagi ya amplifaya na ya mikisa, akakata waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Mvumo ukafa, watu wakapiga makofi.

"Nikajiona fundi kwelikweli," anasema. "Kumbe!"

Mvua ikanyesha. Yohane akavua viatu vilivyojaa tope, akasimama kwenye nyasi zilizolowa, akashika nyuzi. Amplifaya ile kuukuu ilikuwa ikivujisha umeme ndani, na kwa kuwa ethi haikuwepo tena, umeme ulipita mwilini mwake.

"Hakupiga kelele. Mkono uling'ang'ania nyuzi, hauachii. Na mimi nimeganda tu, namtazama, mpaka mtu mwingine akachomoa waya."

Yohane alipona, lakini vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikunjiki tena. Leo analima ndizi na chai kidogo, na gitaa hajaligusa.

Lililomchoma Ambindwile zaidi aliambiwa wodini alikolazwa Yohane, wiki moja baadaye. Cosmas, fundi umeme aliyehamia Tukuyu kutoka Tabora, alimuuliza kama amplifaya na mikisa vilichota umeme sehemu moja. Hapana. Kimoja kilichota nyumbani kwa bwana harusi, kingine kwa jirani.

"Akaniambia, 'Si ungevichomeka kwenye ekstensheni moja tu, ethi zikabaki, na mvumo ungeisha?' Jamani! Ekstensheni ilikuwa kwenye begi langu."

Sasa mvumo umerudi, na mwalimu wa kwaya, Benson, anakuja mbio ameshika tai.

"Fundi, wageni rasmi wamefika! Kata hiyo ethi tuanze!"

"Ethi sikati, Mwalimu."

"Watu wanaziba masikio!"

"Wazibe. Mkitaka ikatwe, tafuteni fundi mwingine, na hela yenu bakini nayo."

Hela yenyewe ni Sh70,000 za siku nzima, na wiki mbili zilizopita hakupata kazi hata moja. Anamwacha mwalimu amesimama, anafuata nyaya moja moja kwa miguu. Mikisa inachota umeme kanisani. Amplifaya, aliyoichomeka hapohapo jana jioni, waliopanga viti wameihamishia waya nyumbani kwa mchungaji. Anaurudisha kwenye ekstensheni moja na mikisa. Mvumo unaisha.

Bado hajaridhika. Anapima kwa testa. Kisha, miguu peku kwenye nyasi zilizolowa kama Yohane siku ile, anafumba macho, anagusa nyuzi za gitaa kwa mgongo wa mkono, halafu maikrofoni. Cosmas amemkataza mara nyingi kujipima kwa mwili wake, lakini kwa hilo hasikii la mtu.

"Kiganja kinang'ang'ania," anasema, jasho likimtiririka kwenye baridi hii. "Nimeshaona."

Anayesubiri gitaa ni Leah (19), binti wa Yohane.

"Baba mdogo, tayari?"

"Tayari, mwanangu. Ila viatu usivue, hata viloe tope."

Yohane mwenyewe amekaa benchi la mbele. Anasema mkewe alikataa katakata binti yao aguse gitaa, na yeye ndiye aliyeruhusu, kwa sharti kwamba fundi awe Ambindwile.

"Mafundi hodari wapo wengi," anasema. "Mimi namtaka anayeogopa." Kisha anapaza sauti, "Gwe Ambi! Mwachie mtoto apige!"

Leah anapiga. Kina mama wanapiga vigelegele. Ambindwile amechuchumaa kando ya ekstensheni, kidole juu ya swichi kuu, macho kwenye vidole vya Leah, na hakitoi kidole hicho mpaka makofi ya mwisho.

Mwezi ujao anapanga kuwakusanya mafundi wa Masoko na Igogwe, awaonyeshe hiyo ekstensheni moja, bure. Anapoulizwa wimbo ameuonaje, anashtuka.

"Wimbo? Sijausikia. Miaka sita sijasikia wimbo hata mmoja, nasikiliza umeme tu. Namwomba Mungu, siku huyu mtoto atakapoolewa, fundi awe mwingine niliyemfundisha mimi. Nikae pale benchini na Yohane, nisikie mmoja mpaka mwisho."