Pumzi ya Kiti cha Mwisho

Naweka dau kikaango changu cha chuma, kile alichoniachia marehemu baba, kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeniamini. Wateja wangu nimeshawasimulia. Wamecheka, wamefuta midomo, wameondoka. Kikaango bado ninacho.

Mimi nauza chapati za majani ya vitunguu kwenye kichochoro nyuma ya Bunge, hapa Taipei. Shule niliiacha darasa la tano, nilipoona walimu wameishiwa. Lakini siasa za nchi hii nazijua kuliko waandishi wa habari, maana mbunge mwenye njaa hafichi kitu. Wenyeviti wa kamati wamekula kwangu wima kama punda, mafuta yanawachuruzika mpaka kwenye tai. Mmoja nilimwongezea yai tu, akanimwagia siri za bajeti mpaka nikamwomba apumzike.

Basi ninayetaka kumsema ni Siu-ngo, mama wa kengele.

Kamati ikiita watu kutoa maoni juu ya sera, iwe umeme, iwe wazee, iwe mpunga, kila msemaji anapewa dakika zake. Siu-ngo anakaa kwenye kijumba cha kioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni, vitufe mbele yake. Kengele ya kwanza, malizia. Kengele ya pili, maiki inazimwa, na ikizimwa imezimwa. Usichosema kwenye maiki hakiingii kwenye kumbukumbu za kikao, na kisichoingia humo ni kama hakikusemwa. Kazi hiyo kaifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Dada Kengele," nilikuwa namtania, "mumeo nyumbani ukimpigia ya pili ananyamaza?"

"Huyo hata ya kwanza haingoji, kaka. Akiniona na mwiko tu anajizima mwenyewe."

Alikuwa na fahari yake. "Waziri, profesa, mkulima wa mananasi, wote kengele moja," alikuwa akisema. Na kweli. Nimemwona akimzima waziri katikati ya neno, yule bwana akabaki anapanua mdomo kama samaki sokoni. Siku hiyo nilimpa chapati bure, na mimi kutoa bure si kawaida yangu, ulizeni mtaa mzima.

Kiangazi kile kamati ilikuwa inasikiliza maoni juu ya wazee wa migodi ya makaa ya mawe, wale ambao vumbi limekula mapafu yao. Serikali iwatibu vipi, iwalipe nini, nani ahesabiwe. Wazee wakaletwa kutoka Ruifang, huko milimani kwenye mvua. Kwenye kiti cha mwisho kabisa, pembeni, aliketi mzee mmoja anaitwa Kang Chui-seng, mwembamba kama kijiti cha kulia wali.

Mimi nilikuwa natazama kwenye televisheni yangu ndogo pale kibandani. Vikao vinarushwa moja kwa moja, wengine wana tamthilia zao, mimi nina kamati.

"Waheshimiwa," mzee akasema. Akavuta pumzi. Jamani, pumzi ile! Kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. "Mimi sikuja... kujisemea. Nimekuja... kwa ajili ya wake zetu. Wao..."

Akavuta tena. Kengele ikalia. Akavuta tena. Kengele ya pili. Maiki ikazimwa.

Mzee hakujua. Ukumbi ulikuwa kimya, basi akadhani anasikika. Akaendelea kusema, mdomo unacheza, sauti haifiki hata kwa aliyeketi jirani yake. Kamera ikahamia kwa mwenyekiti. Ni Siu-ngo peke yake, kule nyuma ya kioo, aliyemtazama mpaka mwisho. Alipomaliza, mzee akainama kwa heshima, watu wakapiga makofi. Akainua macho, akamwona Siu-ngo, akamwinamishia kichwa. Ahsante, mama. Anamshukuru mtu aliyemzima!

"Ningeacha kidogo tu," Siu-ngo aliniambia mchana ule. Chapati yake ilipoa mkononi.

"Ungeacha, kesho waziri naye anataka," nikamwambia. "Kengele moja, si umesema mwenyewe?"

Kabla ya kikao cha pili, mzee Kang akafariki.

Na kikao cha pili kikaangukia mwezi wa saba wa kalenda yetu, mwezi wa wafu, milango ya kuzimu ikiwa wazi na kila duka likiwa limeweka meza ya sadaka nje. Mwezi huo sisi hata mtoto hatumwiti jina lake kamili barabarani, maana huwezi kujua nani mwingine ataitika. Sasa karani wa kamati, kijana wa vyuo viwili, akaja na orodha ya zamani. Akasoma mbele ya ukumbi mzima: "Bwana Kang Chui-seng!"

Na Siu-ngo, mkono uliozoea hauulizi kichwa, akawasha maiki ya kiti cha mwisho.

Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye televisheni niliiona ile taa nyekundu. Karani akakohoa, akasema samahani, akaita jina linalofuata. Watu wakacheka kidogo. Siu-ngo hakucheka. Ndani ya hedifoni alisikia mtu akivuta pumzi kama sufuria na mchanga.

Mafundi wakaja, wakafungua waya, wakabadilisha maiki, wakabadilisha hedifoni. Hawakuona kasoro. Lakini kila kikao, yeye anasikia. Pumzi inavutwa, inangoja, kama mtu aliyebakiza neno moja. Akaanza kuogopa kupiga kengele. Siku moja profesa wa uchumi alisema mpaka wabunge wakasinzia, na kengele haikulia. Mwenyekiti Phoa akamwita pembeni.

"Mama, kengele ikikushinda, sema. Bustani yetu inahitaji mtu wa kumwagilia maua."

Alikuja kwangu moja kwa moja. Nikamwambia, "Umefika kwa mtaalamu." Mambo ya wafu nayajua, bibi yangu aliniachia. Asubuhi yake, kabla wateja hawajafika, tukaweka meza kichochoroni: chapati ya yai, sigara, kikombe cha pombe ya mchele. Tukachoma pesa za karatasi. Nikashika vile vipande viwili vya mti vya kuulizia wafu. Kimoja kikilala chali, ubapa juu, na kimoja kikijikunja, mgongo juu, amekubali. Vyote vikijikunja, amekataa. Vyote vikilala, anakucheka.

"Mzee Kang, umekula, umekunywa, umevuta. Nenda salama. Umekubali?"

Nikarusha. Vyote vimelala. Nikarusha tena, vimelala tena.

"Hata maiti hawachukulii chapati zangu kwa uzito," nikasema.

"Kaka, hakuja kula," Siu-ngo akasema. "Mtu amekatizwa maneno, wewe unamletea yai."

Hapo nikapata akili, na huwa nazipata mara nyingi. "Basi mtafutie maneno yake. Yakishasemwa kwenye maiki ile, ataondoka. Yatakayobaki kwenye hedifoni yako ni mate ya wabunge tu."

Tukapanda treni mpaka Ruifang. Kibanda nilikifunga, muone ninavyojitoa. Mvua ilikuwa inanyesha, huko hainaga kazi nyingine. Mjane wake, Bibi Kang, alitufungulia mlango. Kabla hajasema karibu, akavuta pumzi. Siu-ngo akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ilikuwa ileile.

Tulipokaa, Siu-ngo akauliza, "Bibi, marehemu alitaka kusema nini siku ile?"

"Si alisema? Alirudi na furaha. Aliniambia, mke wangu, nimeyamaliza yote, na ukumbi mzima ulinyamaza kunisikiliza."

Siu-ngo akamwambia ukweli. Hakuuzungusha. Bibi akaigeukia picha ya mumewe juu ya madhabahu. Halafu akasema, "Afadhali alikufa hajui."

Kisha akatueleza. Kila jioni mume akitoka mgodini, mke ndiye anakung'uta nguo mlangoni, kabla ya kuzifua, mtoto mgongoni. "Vumbi lilelile, mwanangu. Yeye alilifuata chini, mimi nililetewa nyumbani." Wanawake wa mtaa ule nusu wanakohoa. Lakini muswada unamhesabu tu aliyeshuka mgodini.

"Njoo useme wewe, bibi," Siu-ngo akasema. "Kimebaki kikao kimoja. Baada ya hapo kamati inapitia vifungu, haimsikilizi mtu tena."

"Mimi? Mimi hata mkutano wa mtaa namtuma jirani!"

"Muulize mwenyewe," nikasema, nikionyesha picha.

Akachukua vipande vyake vya mti, akapiga magoti, akamnong'oneza mumewe, akarusha. Amekubali. Akarusha tena. Amekubali. Akaona mumewe anamfanyia makusudi, akarusha ya mwisho kwa hasira, vikaviringika chini ya meza. Mimi ndiye niliyeinama kuvitazama, na sikudanganya, ingawa nimezoea.

"Amekubali, bibi."

"Mzee huyu!" akasema. "Akiwa hai alinifulisha nguo, amekufa ananihutubisha."

Siku ya kikao, Siu-ngo alimpangia kiti cha mwisho. Mimi kibandani, macho kwenye televisheni, chapati zinaungua, wateja wanapiga kelele. Bibi akaanza. Anasema neno, anavuta pumzi, anasema neno. Alipofika kwenye nguo, kengele ya kwanza. Alipofika kwenye mtoto mgongoni, kengele ya pili.

Taa haikuzimika.

"Maiki," mwenyekiti akasema. "Mama wa kengele, maiki!"

Kamera ikageuka kwenye kioo. Siu-ngo alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, kila mtu aone haigusi kitu. Anaapa mpaka leo kwamba kitufe alikibonyeza, akakisikia kikishuka. Taa ikabaki nyekundu, na Bibi Kang akasema mpaka mwisho, majina ya wenzake wanaokohoa na ya waliokwisha kufa, hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alipoinama kwa heshima, taa ikazimika yenyewe.

Yote yakaandikwa kwenye kumbukumbu.

Siu-ngo alikula chapati mbili siku ile, akaniambia hedifoni iko kimya, kimya kabisa. Nikatangaza kichochoro kizima. Wiki nzima watu waliniletea mizimu yao, mmoja akaja na mbwa.

Halafu kamati ikapitia muswada kifungu kwa kifungu. Cha wazee kikapita. Kifungu cha wake zao, kilichoongezwa baada ya Bibi kusema, kikawekwa kando, kisubiri mashauriano ya vyama. Anayeishi karibu na Bunge anajua maana yake: kimelazwa, na hakuna wa kukiamsha. Majira ya baridi Bibi Kang akafariki. Siu-ngo alikwenda kumzika. Mimi nilikuwa na oda kubwa.

Mwaka ulipogeuka, kamati ikafungua vikao vya mambo mengine, ushuru wa maji nadhani. Saa ya asubuhi yenye wateja, Siu-ngo akaja mbio kwangu, hedifoni bado shingoni, waya unaburuzika chini.

"Kaka. Wapo."

"Wapo akina nani?"

"Wote wawili. Wanapokezana. Mmoja akivuta, mwingine anatoa."

"Nenda ukaombe ile kazi ya maua, dada. Leo hii."

"Nikiondoka, atakayekuja atadhani ni kifaa kibovu. Atawazima."

Hakuondoka. Kila kikao anafika mapema, ukumbi ukiwa mtupu, anawasha maiki ya kiti cha mwisho na kukaa nao mpaka wabunge waanze kuingia. Siku moja nilimpelekea chapati huko ndani, akanivulia hedifoni akaninyooshea. Nikasema mikono yangu ina mafuta.

Nilimwambia kwamba maneno yakishasemwa, mzee ataondoka. Hapo nilikosea.