Sponji ya Watani

Gari la baba lilinisubiri Nkuhungu, hapa Dodoma, miaka yote niliyokuwa nikizurura. Rangi yake ya bluu ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, imekuwa nyembamba kwa uzee na kujaa mikwaruzo. Nilitaka ing'ae tena bila kuimaliza, maana ikiisha hairudi.

Nzuguni nikampata fundi wa polishi mwenye mashine nzuri na mdomo mrefu. Ukutani alitundika sponji mbili: nyekundu, ngumu, ya kukwangua, na ya njano, laini, ya kumalizia. Ya njano ilikuwa bado ndani ya nailoni yake.

“Anza na laini,” nikamwambia. “Jaribu pembeni kwanza. Ikishindwa ndiyo uhamie ngumu.”

“Ile ya watani, kaka,” akajibu. “Njano ni jezi yao; kwenye banda hili sote ni mashabiki wa timu nyekundu, njano haigusi gari. Ilikuja na mashine tu.”

Wenzake kwenye benchi wakacheka na kugongeana mikono. Mtu mzima anachagua kifaa cha kazi kwa rangi ya jezi! Nikadhani ni utani, mpaka alipowasha mashine na kuikandamiza kwenye buti. Alipoinua, sponji nyekundu ilikuwa imelowa bluu ya baba.

“Unaona uchafu unavyotoka?” akasema, kifua mbele.

Nikachomoa waya ukutani, nikachukua funguo zangu. Mikwaruzo nimerudi nayo karibu yote. Baba aliiweka mwenyewe, kila asubuhi, akifuta vumbi la Dodoma kwa kitambaa kikavu. Hakujua anachokifanya, lakini angalau alikuwa akilitazama gari.