Mshelisheli wa Fuatino

Hapa Samoa tunazika watu wetu mbele ya nyumba. Kwa hiyo kimbunga kilipouvunja mshelisheli wa jirani yangu Fuatino hata ikabidi uangushwe, upande mmoja kulikuwa na paa lake, upande wa pili kaburi la mumewe.

“Tuuangushie kwa mzee,” alisema Iosua, mkata miti wetu. “Yeye hatalalamika.”

“Heri uvunje paa, mwanangu,” alisema Fuatino.

Iosua akasonya, akapanda na msumeno wake. Kutwa nzima alikata kipande kipande, akishusha kila gogo kwa kamba.

Jioni Fuatino alimpakulia shelisheli la kuchoma kwa tui zito, akashukuru hadi sauti ikamkauka. Iosua akaenda kula juu ya kaburi, kama tulivyozoea kukaa.

“Sogea, mzee,” alisema akitafuna. “Leo umenichosha kuliko ulipokuwa hai.”

Fuatino akamwongezea tui.