Kijiko cha Pilgu

Bi Hadong hakuwa Mkristo na hakutaka kuwa. Alikuwa na mababu wa marehemu mumewe wa kuwapikia na kuwainamia kila tarehe za vifo vyao zilipofika, na hao peke yao walimtosha kwa kazi. Jina lake halisi halikutumiwa na mtu tangu alipoolewa Saemgol akitokea Hadong, ng'ambo ya mto. Wanakijiji walimwita kwa kwao, naye akazoea. Alikuwa mfupi, mwenye ulimi mkali na masikio makali zaidi.

Masikio hayo ndiyo yaliyomtia katika mambo ya kanisa. Chumba chake kilipakana na jiko, na baina yao palikuwa na kijimlango cha mbao na karatasi tu. Kila alfajiri na kila jioni alimsikia mkwewe, Bunnyo, mke wa mwanawe, akifunua mtungi wa mchele. Kisha alisikia kitu asichokipenda, kijiko cha shaba kikikwaruza mtungi.

Wanawake wa kanisa la Saemgol hawakuwa na fedha za kutolea fungu la kumi. Fedha ilionekana kijijini baada ya mavuno tu, tena ilikuwa na wenyewe kabla haijafika. Kwa hiyo walitoa mchele. Kabla ya kupika, mama wa nyumba alichota kijiko kimoja kwa kila mtu wa nyumba yake, akakimimina katika mfuko wa kitambaa, na Jumapili akaupeleka mfuko kanisani. Mchele huo ulimlisha mwinjilisti na watoto wake, na uliosalia ulikwenda kwa nyumba zilizoishiwa. Mifuko ilitundikwa kwenye misumari mlangoni mwa kanisa, kila mmoja na jina lake, na mfuko uliosinyaa ulionekana na kila aliyepita. Mwinjilisti alifundisha kwamba watu hutoa kwa sababu vyote ni vya Mungu, na anayerudisha kidogo anakiri kwamba kingi hakikuwa chake. Wapo walioamini hivyo kwa moyo wote. Wengine walitoa kwa sababu ya ule msumari.

"We Mama Insuk!" Bi Hadong alipaza sauti kupitia kijimlango. "Umeshamlisha mhubiri wako? Basi tubakizie hata maji ya kuoshea mchele."

"Ni kijiko tu, Mama."

"Kijiko! Lile shavu lake kama boga limejazwa na nini, upepo?"

Bunnyo aliendelea kuosha mchele. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulimkera Bi Hadong kuliko jibu lolote.

Nyumbani walikuwa wanne: bibi, Bunnyo na binti zake wawili, Insuk na mdogo wake. Lakini kijiko kilikwaruza mara tano. Bi Hadong hakuwa mtu wa kupitwa na jambo kama hilo, na siku ya kwanza alipolibaini alikifungua kijimlango kwa kishindo.

"Na hicho cha tano ni cha nani? Cha paka?"

"Cha baba Insuk."

Baba Insuk ni Pilgu, mtoto wa pekee wa Bi Hadong. Alikuwa amekwenda kuchimba makaa ya mawe katika milima ya Gangwon, mwaka aliozaliwa binti yake mdogo. Kwa muda alituma salamu na chochote alichopata, halafu akawa kimya. Mmoja alisema shimo liliwaporomokea wachimbaji. Mwingine aliapa kwamba alimwona Busan, yuko na mwanamke mwingine, amenenepa. Hapakuwa na mwenye hakika.

"Mtu asiyekuwepo anatolewaje mchele?" bibi akauliza.

"Yupo, Mama. Hapa tu ndipo hayupo."

Bi Hadong akasonya na kukifunga kijimlango.

Yeye mwenyewe alikuwa na utaratibu wake. Kila jioni alipakua bakuli la wali la Pilgu, akalifunika na kulilaza chini ya blanketi, pale ambapo moto wa jikoni, uliopita chini ya sakafu, uliipasha joto zaidi, ili mwanawe akitokea usiku akute chakula cha moto. Asubuhi watoto walikila. Kwa hesabu yake hilo halikuwa sawa hata kidogo na ujinga wa mkwewe, maana wali wake ulibaki nyumbani. Kisha ukaja msimu wa baridi mbaya, mtungi ukawa mwepesi, na jioni moja Insuk akalia njaa akiwa amelala kando ya lile bakuli. Bibi akalitoa chini ya blanketi, akampa mtoto ale. Kesho yake hakupakua jingine. Hakulizungumza na mtu, na Bunnyo hakuuliza.

Majira ya machipuo yakaingia, miezi ambayo mchele wa mwaka jana unaelekea kwisha na shayiri bado mbichi shambani. Nyumba nyingi zilikunywa uji wa majani ya pakanga. Jumamosi moja jioni Bi Hadong alikuwa ameketi chumbani akishona kiraka, mara akasikia mtungi ukifunuliwa. Kijiko kikakwaruza mara nne. Mfuniko ukarudi.

Akangoja. Akadhani labda Bunnyo amepiga chafya, au mtoto amemwita. Kisha akasikia maji yakimwagwa chunguni, akakifungua kijimlango.

"Cha mwanangu kiko wapi?"

Bunnyo alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, mgongo umemgeukia. "Shemasi Maeng alipita leo kisimani, Mama. Akasema ameuona mfuko wetu, anajua hali yetu. Akasema nitoe cha waliopo tu. Mungu hamdai mtu asiyekuwepo."

"Nani kamwambia hayupo?"

"Alisema kwa wema. Hata yeye cha mumewe alikiacha. Akaniambia ukiacha, moyo unapumzika."

Shemasi Maeng alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi peke yake nyuma ya kanisa. Mumewe alichukuliwa na watu wenye bunduki mwaka wa vita, na tangu hapo hakuna aliyejua alipelekwa wapi.

"Na wewe ukakubali," Bi Hadong alisema. "Mimi nimeshamnyima wali. Unajua nimemnyima, uliniona, ukanyamaza! Kwenye nyumba hii alikuwa amebakiwa na kijiko chako tu. Sasa na wewe umemwondoa, basi mwanangu yuko wapi? Niambie, yuko wapi?"

Bunnyo akajifunika uso kwa aproni na kulia. Bi Hadong alishuka jikoni, akafunua mtungi, akachota kijiko, akakijaza mpaka kikawa na kichwa. Akakimimina ndani ya mfuko bila kumwaga hata punje.

Asubuhi aliuchukua mfuko mwenyewe, akatangulia njiani, Bunnyo nyuma yake na watoto. Wanawake waliokuwa mlangoni mwa kanisa walipomwona walisitisha mazungumzo. Mmoja akasema kwa furaha, "Jamani, Bi Hadong naye kaamini!"

"Amini wewe," Bi Hadong akamjibu. "Mimi nimeleta chakula cha watu wangu."

Shemasi Maeng alikuwa amesimama kwenye misumari akipokea mifuko, na kama ilivyokuwa desturi, akimuuliza kila mmoja nyumba yake ina watu wangapi. Alipofikiwa na mfuko ule alimtazama Bunnyo, kisha bibi.

"Bibi, nilimwambia mkweo apunguze. Sikutaka muumie."

"Nimesikia. Niulize kama unavyowauliza wenzangu."

Shemasi akamuuliza. "Nyumba ya Bi Hadong. Watu wangapi?"

"Watano."

Hakuna aliyecheka. Shemasi Maeng akaupokea mfuko kwa mikono miwili na kuutundika, akachelewa kuugeuza uso wake kutoka ukutani.

"Na kwako?" Bi Hadong akamuuliza. Safari hii hakupaza sauti. "Nyumbani kwako mko wangapi?"

Kila mtu pale alijua kwamba aliishi peke yake. Shemasi akashika ukuta.

"Wawili," alisema.