Jeneza Lililopita Bangweni

Nimejenga nyumba nyingi Moroni na Mutsamudu, na kusoma sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, na mikono hii ilifundishwa na mtu mmoja. Fundi wangu alinichukua sina kazi wala baba, akanipa mwiko na timazi, akanilisha kwake. Mama yake ndiye aliyekuwa akinipakulia.

Mfaransa bado alikuwa anatutawala, lakini Moroni mtu hakumwogopa Mfaransa kama alivyoliogopa rika lake. Mimi na fundi tulikuwa katika kundi moja la rika, ingawa alinizidi umri. Ikija harusi kubwa, rika letu ndilo lililowahudumia wazee. Fundi akaitwa akagawe nyama. Akajibu kwamba mama yake hawezi, naye habanduki kitandani pake. Wazee wakaona wamedharauliwa, wakamtenga: hakuna kumsalimia, hakuna kula naye, na akifiwa hakuna kumbebea maiti. Sisi wa rika lake ndio tuliotakiwa kuilinda amri hiyo.

Haikupita wiki, mama yake akafa.

Asubuhi ile tulikuwa tumekaa bangweni, kwenye uwanja wa mji, juu ya mabaraza ya mawe ambayo mengine tuliyajenga mimi na fundi. Kwetu jeneza likipita, hata uwe na tonge mkononi, unainuka unatia bega. Basi likatokea kichochoroni. Mbele fundi na shemeji yake, nyuma wachukuzi wawili wa kisiwa cha Nzuwani waliochukuliwa bandarini, watu wasiomjua marehemu hata kwa sura. Hawakulingana urefu. Jeneza likaenda limelala upande, la mama wa mtu aliyekuwa akibomoa ukuta mzima kwa kupinda kiasi cha ukucha.

Niliinuka. Wallahi niliinuka. Mwenzangu akanishika kanzu.

"We, wapi? Unataka na mama yako abebwe na wachukuzi?"

"Mwache," mwingine akadakia, "amekumbuka wali wa bibi!"

Wakacheka. Mzee mmoja wa baraza la mbele akanitazama. Nikakaa. Fundi akapita karibu nami kiasi cha kusikia anavyohema, asigeuze shingo.

Baadaye alilipa faini ya ng'ombe, kama ada ilivyo, akasamehewa. Ng'ombe tukamchinja, rika tukagawana. Fungu langu nililila lote, na lilikuwa tamu. Yeye akahamia Mutsamudu, huko Nzuwani.

Miaka ikapita, nikapata kazi ya kujenga hukohuko, sasa mimi ndiye mkubwa wa kazi. Nikamkuta kwenye vichochoro vya mji akipiga lipu. Nikambusu mkono.

"Fundi, nimekuja kukuomba radhi."

Hakuacha kupiga lipu. "Radhi ya nini? Mimi sikuwa ndani ya lile jeneza."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tangu niliposhuka Ouani. Nikamsogezea ndoo ya lipu. Akamaliza ukuta wake, akanawa, akanichukua kwake. Mkewe akaweka wali na samaki.

"Kula, mwanangu," fundi akasema. "Hilo halijapata kukushinda."

Nilitaka kuinuka. Lakini alikuwa ananitazama, kama yule mzee wa baraza la mbele.

Nikala.