Mume Wangu Anaitwa Mwalimu kwa Masomo Ninayotunga Mimi

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu mhariri amelifunika na ninamshukuru. Nina miaka ishirini na saba, ni mke wa karani hapa Kolwezi, mama wa watoto watatu, na nimekasirika. Anayetaka barua ya machozi ageuze ukurasa.

Nilisoma kwa masista kule Kasai mpaka darasa la sita. Nikaolewa, nikapanda treni, nikabadili treni pale Tenke, nikafika kambini kwa mume aliyechimba shaba na kujua herufi kidogo tu. Hapa kuna mtihani wa kusoma na kuandika, mmoja kwa kambi zote za Lualaba. Unapewa habari ya Kifaransa ambayo hujawahi kuiona, unaisoma kwa sauti, unajibu maswali kwa maneno yako, kisha unaandika imla kwa kalamu ya wino. Ukifaulu unatoka mgodini unaingia ofisini. Mimi ndiye niliyemtayarisha. Nilikuwa nakoroga bukari, ugali wa huku, na papo hapo namtamkia sentensi, naye ameinama mezani anaandika, jasho linamtoka. Akikosea namrudisha mwanzo. Alifaulu. Siku ya sherehe aliwaambia wageni kwamba alijifundisha mwenyewe, nami nikaendelea kumimina bia. Nilidhani ni aibu ya kiume, itapita.

Haikupita. Mkubwa Mzungu wa kambi alimpa darasa la jioni, awatayarishe wafanyakazi wengine kwa mtihani uleule. Kumbe kufundisha hawezi! Kila siku akishakula ananiambia, "Leta dikte," yaani imla, nami natunga habari, maswali na majibu. Yeye anayameza yote kama yalivyo, kesho yake anakwenda kuyatapika mbele ya watu. Njiani wanamwamkia, "Jambo, tata mwalimu," yaani baba mwalimu, na kifua kinavimba. Wanawake hatuingii darasa lile. Siku moja jirani alimuuliza kama mimi nami nilisoma kidogo, akacheka. "Banamuke habana akili ya makaratasi. Kazi yabo ni bukari." Nilikuwa nimesimama palepale.

Sasa sikilizeni. Katika darasa hilo yumo mdogo wangu, tumbo moja, anayefanya kazi mgodi wa Mutoshi. Ana mke na mtoto mchanga, na jiwe lilishamponda mguu huko. Mtihani huu ndio mlango wake pekee wa kutoka shimoni. Hajui kwamba masomo anayofundishwa yanatoka jikoni kwangu.

Majuzi nilitunga habari ya mzee mwenye magunia ya makaa aliyeachwa na treni pale Mutshatsha. Nilieleza kwamba treni ile huchelewa kila mara, na kwamba mzee alikuwa bado anabishana bei. Swali: kwa nini aliachwa? Jibu nililompa mume wangu ni kwamba alikuwa anabishana bei. Mdogo wangu akajibu, aliachwa kwa sababu alizoea treni ichelewe. Jibu zuri hilo! Mimi niliyetunga nasema ni zuri kuliko langu. Lakini silo alilolimeza mume wangu. Akamwita kichwa cha mawe, akampigisha magoti mbele ya wanaume wenzake mpaka darasa likaisha. Mtu mzima, baba wa mtoto!

Kwetu Kasai ndugu wa mke hatukanwi. Ukimtukana unaleta mbuzi, unaomba msamaha mbele ya watu, ndipo mnakula tena pamoja. Hata watoto wanajua hilo. Mdogo wangu alikuja akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Yaya, dada yangu, bwana yako alinipikisha magoti mbele ya batu. Mi sirudie tena kule. Afazali nifie mu shimo."

Mume wangu aliporudi nikamuuliza, "Tata, utapeleka mbuzi siku gani?"

Akacheka. "Mbuzi ya nini? Mu kalasi hamuna shemeji. Mule mi ni mwalimu."

"Mwalimu nani? Jibu yake ilikuwa muzuri. Ile habari mi njo nilitunga."

Kicheko kikamkauka. "Ukisema ile neno inje, utapanda treni ya Kasai. Batoto batabakia hapa."

Tangu siku hiyo simtungii kitu. Anarudia habari za zamani. Watu wanatoka kazini vumbi likiwa bado machoni, wanakaa pale kukariri majibu ya maswali ambayo hayataulizwa, na mtihani umebaki wiki chache. Kwenye foleni ya posho wake zao wananiuliza kama mwalimu anaumwa. Nasema amechoka, na uongo huo unaniwasha mdomoni.

Nikirudi kumtungia, atazidi kuvimba, na mdogo wangu atabaki na fedheha yake. Nikiacha, watu wasio na kosa wataanguka. Nikifungua mlango wa jiko langu niseme mdogo wangu aje, na wengine waje, niwafundishe mwenyewe, nitanyang'anywa watoto wangu. Msiniambie nivumilie. Hilo mama ameniambia, padri ameniambia, na waliolisema wote walikwenda kulala vizuri.

Jambo la mwisho. Gazeti hili likifika, mume wangu huita wageni Jumapili, akawasomea ukurasa huu kwa sauti na kucheka shida za watu. Basi na hii ataisoma. Tata mwalimu, ukifika hapa usiruke mstari, wageni wanasikiliza. Nanyi wasomaji nishaurini, nifanye nini: sauti ikimkatika katikati ya barua hii, niinuke niende zangu jikoni, au nilichukue gazeti mkononi mwake nimalizie kusoma mwenyewe?