Firigisi ya Baba

Kwetu firigisi ilikuwa ya baba, na mapaja na kidari vilimfuata yeye na wageni wake. Mama alibakiwa na shingo, miguu na ncha za mabawa. Nilipokuwa mdogo paka aliiba firigisi jikoni, na kwa kosa hilo mama akarudishwa kwao Ipogolo. Alikaa huko mpaka wajomba zangu walipomleta, na jogoo wa kuombea msamaha.

Mwaka jana niliwapeleka wazee wangu kula kuku wa Kireno hapa Mbeya, wale wa kuchoma kwa pilipili na ndimu. Baba akapekua sinia kwa uma, kisha akamwita mhudumu.

“Binti, firigisi yangu iko wapi?”

“Hatunaga, babu. Kuku wetu wanakujaga wameshatolewa vya ndani.”

Baba akamgeukia mama na macho yaleyale ya zamani, kana kwamba mama ndiye aliyemchinja yule kuku. Akasusa. Mimi nilikuwa na maneno mabaya mdomoni, lakini mama hakunipa nafasi. Alichukua paja, akalila taratibu mpaka mfupa ukawa mweupe. Akachukua la pili. Akamaliza kidari chote, akalamba pilipili vidoleni, baba akimtazama kama mtu anayeibiwa mchana kweupe.

Kwenye sinia zikabaki ncha za mabawa. Mama akamsogezea.

“Kula hizo, mzee,” akasema. “Ndizo nilizokuwa nakula nikinyonyesha wanao.”